Siri ya Bettendorf Haikuwa Makonde

Kwanza kabisa namshukuru mhariri kwa kunipa ukurasa huu, maana najua alitaka shairi. Shairi nitaleta mwakani nikijaliwa. Mwaka huu nina neno kuhusu kupigana, na kabla mwalimu yeyote hajakunja uso, natangaza mapema kwamba sizungumzii kupigana kwenye foleni ya githeri.

Wanachama wenzangu, mtakumbuka mjadala wetu wa muhula wa pili. Hoja ilikuwa kwamba mwalimu mkali ndiye mwalimu bora. Waunga mkono walishinda, tena walishinda kwa jina moja tu: Pat Miletich. Msemaji wao wa mwisho, jamaa mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, alisimama akatusimulia habari za Mmarekani aliyekuwa na chumba cha mazoezi ambamo kila mgeni alipokea kichapo hadi akatamani kwao, na waliovumilia wakawa mabingwa wa dunia. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Hata waliokuwa wanasinzia kule nyuma waliamka wakapiga meza. Mimi nilikuwa upande wa wapinzani, dakika zangu zilikuwa zimekwisha, na kengele ikalia. Basi jibu langu ndilo hili, limechelewa lakini halijachacha.

Ningeliacha jambo hili lipite kama mijadala mingine inavyopita. Lakini jina hilo halikubaki ukumbini. Chama cha karate hapa kwetu kina desturi ya "kumpima" mgeni. Anasimamishwa mbele ya mkubwa wake, hana kinga ya kichwa wala ya meno, anaambiwa astahimili dakika mbili. Mvulana mmoja wa bweni letu alipimwa hivyo. Alirudi pua inavuja damu, na kwa siku tatu sikio lake moja lilikuwa linavuma kama nyuki. Hakurudi tena kule, na hakumwambia mwalimu, maana anayesema huitwa mwoga hadi amalize shule. Nilipomuuliza mmoja wa wakubwa wale kwa nini wanafanya vile, alinijibu kwa fahari, "Hata kwa Miletich ilikuwa hivyo." Haya! Mtu wa Iowa sasa amekuwa sheria ya shule yetu bila kuulizwa.

Nilipokwenda likizo nilimwomba kaka yangu simu yake, nikatafuta habari za bwana huyu na kutazama mapambano yake hadi nyumbani wakaniuliza kama hiyo ndiyo kazi ya likizo. Ninayoandika hapa si ya kusikia tu.

Pat Miletich alizaliwa mwaka wa 1966 huko Davenport, katika jimbo la Iowa, nchini Marekani. Mji huo uko kando ya mto Mississippi, na umepakana na Bettendorf, ambako baadaye jina lake lilivuma. Iowa ni nchi ya mahindi na miereka. Ukitaka kuelewa miereka ni kitu gani kule, fikiria mbio kule Iten. Mtoto huanza akiwa mdogo, wazazi hujaza ukumbi, na mkufunzi huheshimiwa kama chifu. Chuo Kikuu cha Iowa kilikuwa na mkufunzi aitwaye Dan Gable, ambaye mwenyewe alitwaa dhahabu ya miereka katika Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972 bila mpinzani yeyote kumpata hata pointi moja, kisha akakiongoza chuo hicho kutwaa ubingwa wa vyuo vikuu mara 15. Miletich alikulia chini ya kivuli hicho. Alicheza miereka shuleni, halafu akaongeza karate, akaongeza ndondi, akaongeza mateke ya Kithai, akaongeza jujitsu.

Shikeni hapo kwenye "akaongeza", kwa sababu ndipo penye kiini cha habari nzima.

Mchezo wenyewe tunaoujua leo kwa herufi tatu, MMA, ulianza kama ubishi wa vijana kijiweni. Nani zaidi, mtu wa karate au mtu wa ndondi? Mtu wa miereka au mtu wa judo? Tarehe 12 Novemba 1993, katika mji wa Denver, watu wanane wenye mitindo mbalimbali walikutanishwa katika kizimba cha pembe nane ili ubishi ukatwe. Hapakuwa na mgawanyo wa uzani. Royce Gracie, Mbrazili mwembamba ukimlinganisha na wale wengine, aliwashinda watatu usiku huo huo, mmoja baada ya mwingine, kwa jujitsu. Alikuwa akiwaangusha na kuwakaba hadi wanasalimu amri. Dunia ikasema, kumbe jujitsu ndiyo baba wa yote. Miaka miwili mitatu baadaye wakaja wanamiereka wenye vifua kama milango ya ghala, wakawa wanamlaza kila mtu chini na kumtwanga kutoka juu. Dunia ikabadili wimbo, kumbe ni miereka! Halafu Julai 1997 Maurice Smith, mtu wa ngumi na mateke, akajifunza jinsi ya kusalimika akiwa chini, akamchosha na kumshinda bingwa wa miereka Mark Coleman. Dunia ikanyamaza kidogo.

Miletich alikuwa miongoni mwa wachache walioshika jibu mapema, kwamba ubishi wenyewe ulikuwa wa kipuuzi. Hakuna mtindo ulio baba wa mwingine. Mpiganaji anapaswa kujua kusimama, kuangusha na kupigana akiwa chini, na zaidi ya yote kutoka hatua moja hadi nyingine bila mshono kuonekana. Leo hata mtoto anayetazama kwenye simu analijua hilo. Katikati ya miaka ya tisini lilikuwa jambo la kuchekwa, maana kila mwalimu wa karate alikuwa amewaambia wanafunzi wake kwamba karate inatosha, na kila mwalimu wa jujitsu vivyo hivyo. Kukiri kwamba jirani ana kitu usicho nacho ni jambo gumu kwa walimu (walimu wetu waheshimiwa mtanisamehe).

Aliingia ulingoni mwaka wa 1995 huko Chicago, katika shindano la siku moja, na akalishinda. Machi 1998 akaingia mashindano ya UFC, yale yale yaliyoanzia Denver. Huko alimshinda Townsend Saunders, mtu aliyekuwa na medali ya fedha ya miereka kutoka Olimpiki ya Atlanta ya 1996, kisha usiku huo huo akamshinda Chris Brennan. Tarehe 16 Oktoba 1998, mjini São Paulo nchini Brazili, akamshinda Mikey Burnett kwa pointi na kuwa bingwa wa kwanza wa UFC katika uzani wa kilo 77. Wakati huo waliuita uzani mwepesi, siku hizi ni uzani wa welta. Aliutetea mshipi huo mara nne. Mara mbili kati ya hizo alipigania Cedar Rapids, jimboni kwao Iowa, kwa sababu majimbo mengi ya Marekani yalikuwa yamekataa mchezo huo katakata. Seneta John McCain aliufananisha na kupiganisha majogoo. Kwa hiyo alikuwa bingwa wa mchezo ambao nusu ya nchi yake haikutaka hata kuuona.

Mnamo mwisho wa miaka ya tisini tayari alikuwa anafundisha. Chumba chake cha mazoezi kule Bettendorf kikawa kama kituo cha matatu. Huyu anatoka Washington, yule anatoka Maine, mwingine anatoka shamba la Illinois, kila mmoja na begi lake, wote wanauliza kwa Miletich ni wapi.

Walioshuka hapo tunawajua. Jens Pulver alikuwa mwanamiereka mfupi, mwenye utoto wa mateso nyumbani ambao yeye mwenyewe ameusimulia hadharani mara nyingi. Februari 2001 alimshinda Mjapani Caol Uno na kuwa bingwa wa kwanza wa UFC katika uzani wa kilo 70. Januari 2002 alipambana na BJ Penn, kijana wa Hawaii ambaye kila mtu alikuwa ameshamtawaza kabla hajapigana. Nimelitazama pambano hilo lote, raundi tano. Raundi ya pili inapomalizika Pulver yuko taabani, amekamatwa mkono na nusura uvunjwe, na kengele ndiyo inayomwokoa. Raundi ya tatu anarudi na kukataa kulazwa tena. Anazuia kila jaribio la kuangushwa, kisha ngumi yake ya kushoto inaanza kuongea. Akashinda kwa pointi. Hapo unaiona miereka na ndondi zikiwa zimeshonwa pamoja kama koti moja, na mshonaji yuko kwenye kona.

Kisha kuna Matt Hughes, yule wa shamba la Illinois, na habari yake ndiyo ninayotaka kukaa nayo kwa sababu msemaji wetu wa mjadala aliiruka.

Tarehe 4 Mei 2001, huko Atlantic City, Miletich alipoteza mshipi wake. Carlos Newton wa Kanada alimkaba kwa mkono shingoni katika raundi ya tatu, na ubingwa wa miaka miwili na nusu ukaisha. Miezi sita baadaye, tarehe 2 Novemba, Newton alirudi kuutetea huko Las Vegas, na aliyekuwa mbele yake alikuwa Hughes. Raundi ya pili Newton alikuwa ameifunga shingo ya Hughes kwa miguu, mtego ambao damu haifiki kichwani. Hughes akamwinua mzimamzima hadi juu ya kizimba na kumbwaga chini. Newton akazimia. Hughes naye alikuwa karibu kuzimia, hata alipoambiwa kwamba yeye ndiye bingwa alionekana kushangaa kama mtu aliyeamshwa usingizini. Watu wanabishana hadi leo nani alilala kwanza.

Sasa tafakari, ndugu msomaji. Mshipi uliotoka kwa mwalimu umerudi nyumbani kwa mkono wa mwanafunzi. Mwalimu ana miaka 35, bado ni mpiganaji, na wiki nane tu baada ya kupoteza ubingwa alikuwa amemwangusha Shonie Carter kwa teke la kichwa. Bado ana hamu. Kuna njia moja tu ya kuupata tena ubingwa wa kilo 77, nayo ni kupigana na Hughes, kijana anayefanya naye mazoezi kila wiki. Miletich alifanya nini? Alipanda uzani. Machi 2002 aliingia kupigana na watu wazito kuliko yeye, akakutana na Matt Lindland, mwenye medali ya fedha ya miereka kutoka Olimpiki ya Sydney, na akashindwa katika raundi ya kwanza. Hakupigana tena UFC. Hughes akaendelea kuushika mshipi ule hadi Januari 2004, akaurudisha Oktoba mwaka huo na kukaa nao hadi Novemba 2006.

Sijui kwenu ninyi, lakini kwangu hapo ndipo alipokuwa mwalimu, na huwezi kulieleza jambo hilo kwa kupima nani alimpiga nani. Kama siri ya Bettendorf ingekuwa makonde, mwenye makonde makubwa angejiwekea mshipi mwenyewe.

Sitaki kuonekana ninaficha upande wa pili, kwa hiyo niseme wazi. Ni kweli mazoezi ya kule yalikuwa makali mno. Walikuwa wanapigana kweli kweli, glavu kubwa zikiwa mikononi, mtu na mwenzake, na mgeni hakuonewa huruma kwa kuwa mgeni. Wengi walikuja mara moja wakaenda zao. Jambo hili lina sifa kubwa katika mchezo huo na wenyewe hawalikani. Msemaji wetu hapo hakudanganya. Alichofanya ni kuhesabu vibaya.

Alihesabu waliobaki. Hughes alipofika Bettendorf tayari alikuwa mmoja wa wanamiereka bora wa vyuo vikuu vya Marekani. Pulver alikuwa ametoka kwenye timu ya miereka ya chuo kikuu cha Boise. Tim Sylvia, aliyekuja kuwa bingwa wa uzani mzito Februari 2003, alikuwa na kimo cha mita mbili na zaidi (huyo naye, tusifiche, alipokonywa mshipi mwaka huo huo kwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku). Ukiwatwanga watu mia na wakabaki wawili wenye shingo kama za fahali, hujui kama umewafundisha au umewachuja tu. Chekecheke haijawahi kukuza hata punje moja ya mahindi. Na wale waliorudi nyumbani na mabegi yao hakuna aliyewaandika. Labda palikuwa na Pulver mwingine miongoni mwao, mpole zaidi, aliyehitaji miezi sita ya kufundishwa kabla ya kupigwa.

Halafu kuna hesabu ya vichwa. Spencer Fisher alikuwa mpiganaji wa Bettendorf, mtu wa kupendwa na watazamaji kwa sababu hakujua kurudi nyuma. Mwaka wa 2021 alieleza hadharani kwamba ubongo wake umeharibika na kwamba maisha ya kila siku yamekuwa mzigo. Siwezi kusema ni ngumi ipi iliyofanya hivyo, ya mazoezini au ya mashindanoni, na hakuna anayeweza, kwa sababu ubongo hauweki risiti. Lakini ubongo hauulizi pia kama aliyeupiga alikuwa rafiki au adui. Robbie Lawler aliingia kule akiwa kijana mbichi, akapigana tangu 2001. Alichukua ubingwa wa UFC wa kilo 77, ule ule wa Miletich na Hughes, Desemba 2014, akiwa na miaka 32 na akiwa ameshaondoka Bettendorf miaka mingi. Katika miaka hiyo ya ubingwa Lawler alijulikana kwa jambo moja la ajabu, kwamba alikuwa ameacha kutwangana mazoezini. Mtoto wa chumba kile kikali kuliko vyote alifika kileleni baada ya kuweka kando ukali ule.

Na sisi Wakenya hatuhitaji kwenda Iowa kutafuta mfano wa kichwa. Robert Wangila Napunyi alitupa dhahabu ya ndondi huko Seoul mwaka wa 1988, uzani ule ule wa welta, kwa kumwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili. Hadi leo ndiye Mkenya wa pekee aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Julai 1994 alipigana huko Las Vegas, refa akalisimamisha pambano, Wangila akalalamika kwamba bado anaweza. Baadaye alizimia, na siku mbili baada ya pambano akafariki kwa jeraha la ubongo. Hakuwa na hata miaka 30. Mtu yule alikuwa na moyo kuliko wote walio katika chama chetu cha karate tukiwajumlisha na walezi wao. Moyo haukumsaidia fuvu.

Kuna atakayesema, "Basi wewe unataka karate ya kunywa chai." La hasha. Mimi mwenyewe nacheza raga na nina kovu kwenye nyusi la kuthibitisha. Kupigwa kidogo kunafundisha. Mtu ambaye hajawahi kuguswa usoni hufumba macho, na anayefumba macho huumia zaidi. Hilo nalikubali bila kulazimishwa. Ninachokataa ni kuchukua jina la mtu aliyefanya kazi ya miaka na kulifanya kuwa ruhusa ya dakika mbili za kumwonea mtoto.

Maana tazama tofauti. Kule Bettendorf mkubwa wao mwenyewe alikuwa ndani ya glavu, anapokea kama wanavyopokea wengine. Septemba 2006, akiwa na miaka 40 na shingo iliyokuwa imemsumbua kwa muda mrefu, Miletich alipanda ulingoni huko Moline, ng'ambo tu ya mto kutoka kwao, kupigana na Renzo Gracie wa ukoo ule ule wa Royce. Wote wawili walikuwa wakufunzi wa timu za ligi moja. Wanafunzi wake na majirani zake walikuwa wakitazama. Alikabwa na kushindwa katika raundi ya kwanza. Kesho yake alikuwa bado mkufunzi wao. Nitajieni mkubwa mmoja katika chama chetu aliyewahi kukubali kupimwa na aliye mzito kumliko, tena mbele ya wageni. Mimi nimesubiri mihula mitatu na sijamwona.

Tena kule mgeni alipigwa akiwa amevaa kinga, baada ya kujua anakuja kufanya nini, akiwa mtu mzima aliyepanda basi kwa hiari yake. Hapa kwetu mgeni ni mtoto wa miaka kumi na mitano ambaye ameona tangazo kwenye ubao lisemalo "Njoo Ujifunze Kujilinda".

Mwaka wa 2014 Miletich aliingizwa katika orodha ya magwiji wa UFC. Hughes alikuwa ameingizwa kabla yake, mwaka wa 2010, yaani mwanafunzi alimtangulia mwalimu mlangoni. Pulver aliingizwa mwaka wa 2023. Sijasikia kwamba yeyote kati yao alilalamika juu ya mpangilio huo.

Sasa nije kwa ombi langu, maana mwalimu mlezi wa michezo ameniahidi kwamba atausoma ukurasa huu. Chama cha karate kina magodoro manne na glavu jozi mbili zilizochakaa. Ninaomba pesa za tamasha la mwaka ujao zinunue kinga za kichwa na za meno kabla hatujanunua sare mpya zenye nembo mgongoni. Nembo haizuii konde. Ninaomba mgeni asiguswe kichwani muhula wake wote wa kwanza. Afundishwe kuanguka, afundishwe kusimama, afundishwe kuinua mikono, na anayemfundisha awe ni yule yule mkubwa ambaye leo anampima. Ninaomba pia tuwaalike wale wenzetu wa magharibi wanaojua miereka ya kwao tangu utotoni, ambao wako hapa hapa mabwenini na hakuna aliyewahi kuwauliza, waje wawafundishe watu wa karate namna ya kutoangushwa. Nina hakika Miletich angewauliza siku ya kwanza.

Chama kinakutana Alhamisi saa kumi na nusu nyuma ya bwalo. Nimeshawaambia wakubwa kwamba nitakuwepo, na kwamba nitakuja na kinga ya meno ya raga mfukoni kwa ajili ya yule kijana wa bweni letu, kama atakubali kurudi. Bado hajanijibu.